Mada: Msaada wa kisheria wa bure uanzie kituoni au mahakamani?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma

Wakuu, Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa 2023. Nashukuru kwa yote mawili. Ila msaada unamfikia mtu akiwa ameshachelewa. Kesi inaharibikia kituoni, pale kijana wa bodaboda aliyekamatwa na mzigo wa abiria anapoandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo yake mwenyewe yanayoweza kutumika dhidi yake, na kuambiwa atie sahihi. Karatasi hiyo itakuja kutolewa kama kielelezo, na wakili, hata akipatikana, ataanza kwa kupambana nayo.

Sheria inampa mtuhumiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sasa asiye na wakili, ambaye ndugu zake wako Kibondo, atampigia nani? Nataka msaidizi wa kisheria (si wakili, ni mtu aliyefunzwa sheria za msingi) wa zamu katika kila kituo cha polisi cha wilaya.

Mchangiaji, Kasulu

Ndugu yangu, napinga. Hawa wasaidizi wengi wanajitolea, na nauli wanatoa mfukoni. Tena sheria haiwaruhusu kumsimamia mtu mahakamani. Ukiwakalisha kituoni kila siku, wananchi watawaona ni watu wa polisi na hawatawaambia ukweli. Fedha kidogo iliyopo iwalipe mawakili wa mahabusu waliopo gereza la Bangwe kwa makosa yasiyo na dhamana.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi naongeza moja tu: dhamana ya polisi ni bure. Kuna mama huku anauza mbuzi kwa sababu hakuna aliyemwambia hivyo.

Mleta mada

Ahsante wa Ujiji, hilo ni jambo la dakika mbili, na msaidizi wa zamu angelimaliza pale kaunta.

Wa Kasulu, hoja ya nauli nakubali, walipwe. Hoja ya mawakili sikubaliani nayo. Mshtakiwa wa mauaji tayari anapewa wakili na Mahakama Kuu, lakini anakutana naye baada ya maelezo kuandikwa zamani. Na mkoa wetu una jambo lake. Muha wa Buhigwe, mpakani na Burundi, anaongea Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Akikamatwa kwa kudhaniwa si raia, hahitaji hotuba ya wakili. Anahitaji mtu wa kumpigia mwenyekiti wa kijiji, kuwaambia nyumbani walete cheti cha kuzaliwa, na kumweleza asikubali kusaini asichokielewa. Hiyo ni kazi ya siku ya kwanza. Ikipita wiki, mtu keshafunguliwa shtaka la uhamiaji.

Sheria hiyohiyo ya 2017 inawataka Polisi na Magereza waweke utaratibu wa watoa msaada kuwafikia walio mahabusu. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba namba ya simu ya msaidizi ibandikwe ukutani kaunta, na mtuhumiwa aruhusiwe kuipiga kabla kalamu haijashikwa. Kasulu, na hilo nalo unalipinga?