Naomba ushauri: nimchague mtaalamu yupi wa tiba ya mazungumzo?

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Goma. Mdogo wangu wa kike hajapata usingizi mzuri tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Lori likipita usiku na madirisha yakatikisika, hukurupuka na kukimbilia mlango. Sasa amekubali kutafuta msaada, nasi tumepata wataalamu wawili.

Wa kwanza ana shahada ya saikolojia ya tiba na hufuata njia iliyoanzishwa na Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960, ambapo mgonjwa huchunguza mawazo yanayomtia hofu, huyapima kama yana ukweli, kisha hupewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Wa pili alikuwa muuguzi kabla ya kusomea ushauri nasaha, na hufuata mafundisho ya mwanasaikolojia Carl Rogers, kwamba mshauri asikilize kwa huruma bila kuhukumu na kumwacha mgonjwa aongoze mazungumzo. Huyu huzungumza Kiswahili, ilhali mwenzake hupendelea Kifaransa, jambo ambalo kwangu si dogo hata kidogo.

Naomba mnieleze ni maswali gani nimuulize kila mmoja kuhusu mafunzo yake, hasa ya kuwahudumia watu waliopitia maafa, na kuhusu anayesimamia kazi yake. Je, inafaa kuanza na mmoja kisha kuhamia kwa mwingine, au kusimulia yote upya kutamwumiza zaidi?