Mjadala: "Toa asilimia 10, anzia hapo." Kwa anayejaza risasi mwenyewe, huu ni usalama au ni mazoea tu?

Mpiga Shabaha wa Montana (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Kwa wasiojua: huku Marekani, kuokota maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa na kuyajaza upya nyumbani ni jambo la kawaida, na halali. Unatia fataki mpya (kidude cha kuwashia baruti) kwenye kitako cha ganda, unapima baruti, unashindilia kichwa cha risasi. Wawindaji wengi wanafanya hivyo kwa sababu ya bei, wengine kwa sababu ya shabaha.

Kila mgeni anauliza swali moja: nianze na baruti kiasi gani? Na kila mzee wa kazi ana jibu moja: tafuta kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa kilichochapwa kitabuni, toa asilimia 10, anzia hapo, panda kidogo kidogo. Kikomo kikiwa greni 50, wewe anza na 45. (Gramu moja ni greni 15 na ushee, kwa hiyo tunazungumzia vitu vya kupima kwa mzani mdogo, siyo kwa kijiko.)

Mimi nasema tuache kuwafundisha wageni sentensi hiyo. Waambiwe: anza na namba iliyochapwa kuwa ya kuanzia, kwa baruti hiyo na kichwa hicho. Kama haipo, usiibuni.

Nimeponea chupuchupu. Nina bunduki ndogo ya .22 Hornet, na baruti niliyokuwa nayo ni H110. Nikatoa asilimia 10 yangu nikajiona mtu mwangalifu kabisa. Asubuhi ya Novemba, baridi inakata masikio, nikavuta kifyatulio. Badala ya mlio nikasikia "puf", kama mtu aliyezima mshumaa. Kilichoniokoa ni uvivu: sikuharakisha kuingiza ya pili. Nilipofungua bolti, komeo la nyuma ya mtutu, punje za baruti zisizoungua zikamwagika. Nikapitisha ufito mtutuni, ukagota katikati. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekaa humo. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungepasuka usoni pangu.

Baadaye ndipo nikasoma onyo la watengenezaji: H110, na ndugu yake 296 ambayo ni baruti ileile kwa lebo nyingine, usiipunguze zaidi ya asilimia 3. Inataka kujaa na kubanwa ndipo iwake sawasawa. Yaani nilitii kanuni, na kanuni ndiyo iliyonitia mashakani.

Babu wa Mzani

Pole mwanangu, na umshukuru Mungu. Ila usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Onyo hilo limechapwa miaka mingi. Kanuni haikukosea, wewe ndiye hukusoma.

Unasema kama namba ya kuanzia haipo mtu asiibuni. Kuna kampuni, Alliant kwa mfano, inayotoa kikomo peke yake kisha yenyewe inamwambia mteja apunguze asilimia 10. Huyo naye afanyeje, akae alitazame kopo? Halafu chukua vitabu vitatu, ganda lilelile, kichwa chenye uzito uleule, utakuta vikomo vitatu, kwa sababu kila maabara ilipima kwa mtutu wake. Mimi huchukua kikomo cha chini kuliko vyote na kutoa asilimia 10. Nina zaidi ya miaka 30 mezani na vidole vyangu vyote kumi ninavyo.

Mpiga Shabaha wa Montana

Shikamoo Babu. La Alliant nakubali, hapo aliyepima ndiye aliyesema. Ugomvi wangu ni mwingine: mtu akishakariri kanuni haoni haja ya kufungua kitabu. Mimi kitabu nilikuwa nacho rafuni!

Na asilimia 10 ya nini? Huku vijana wanaazimana vipimo kwenye vikaratasi. Kikaratasi kinasema "4831". Ipi? H4831 ilianza kama baruti ya ziada ya jeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyouzwa kwa raia na Bruce Hodgdon. Baadaye ikaja IMR 4831, namba ileile lakini inawaka kwa kasi zaidi. Aliyeandika hakuona haja ya herufi mbele, maana kwake kulikuwa na kopo moja tu. Ongeza kichwa cha shaba tupu, ambacho kwa uzito uleule ni kirefu kuliko cha risasi ya kawaida, kinaingia ndani na kula nafasi ya baruti. Ile asilimia 10 inamegwa huku na huku, na aliyeijaza bado anaamini anayo.

Mpita Njia

Sasa si mnunue za dukani tu? Mambo gani haya ya kupika baruti jikoni.

Mwana wa Arusha

@Mpita Njia, za dukani nazo zina historia yake. Risasi ya .458 Winchester Magnum ilitoka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati. Ganda dogo, baruti imeshindiliwa, baadhi ikaganda na isiungue yote. Wawindaji wakajikuta mbele ya nyati na risasi isiyo na nguvu.

Nachangia upande wa joto, naona hamjaligusa. .416 Rigby ya 1911 ina ganda kubwa kuliko inavyohitaji, na si kwa urembo. Baruti ya Waingereza enzi hizo, kodaiti, presha yake ilipanda sana kwenye jua la Afrika na India, maganda yakawa yanang'ang'ania chemba, pale ganda linapokaa ndani ya bunduki. Wakatengeneza ganda pana ili presha ibaki chini. Babu akijaribu kipimo chake Januari kwenye theluji, kisha akapanda hadi karibu na kikomo kwa sababu "bolti inainuka vizuri", Julai atakuwa na risasi nyingine kabisa.

Na kwa walio nyumbani Tanzania: silaha na risasi ni vitu vya leseni. Msisome hapa mkaanza kufungua maganda.

Babu wa Mzani

Mwana wa Arusha kasema kweli. Ndiyo maana natumia kipima mwendo wa risasi. Ukiona risasi inakwenda kasi kuliko kitabu kinavyosema, presha umeshaipita, hata kama fataki haijabonyea. Fataki ni shahidi mwongo.

Fundi Mgeni

Wakubwa, shikamooni. Nimepewa maganda ya kijeshi ya 7.62, nataka kuyatumia kwenye bunduki yangu ya .308, ile ya kiraia inayofanana nayo. Nianzie wapi?

Mpiga Shabaha wa Montana

Kwa namba ya kuanzia iliyochapwa, usipande haraka. Maganda ya kijeshi kwa kawaida ni mazito, ukuta mnene, nafasi ndani ndogo, kwa hiyo presha hupanda mapema.

Babu wa Mzani

Kama nafasi ni ndogo, kwa nini aanze na namba iliyopimwa kwenye ganda pana? Ashuke chini yake kidogo. Mimi hushuka greni moja hadi mbili.

Mpiga Shabaha wa Montana

Chini ya kilichochapwa? Babu, zipo habari za bunduki zilizopasuka kwa baruti inayowaka polepole iliyopunguzwa kwenye ganda kubwa, na mafundi mpaka leo wanabishana sababu yake.

Babu wa Mzani

Za baruti ya polepole, ganda kubwa. Umesema mwenyewe. .308 si ganda kubwa na kijana hajatuambia baruti gani. Fundi Mgeni, soma lebo ya kopo lako, herufi zote, uiandike hapa. Na useme kichwa ni cha uzito gani na cha nani. Kabla ya hapo usijaze hata moja.