Ukoo wa Makorora: Bonanza la Jumamosi

19:02 Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum wote. Shikamoo Babu. Bonanza ni Jumamosi saa 9 alasiri, uwanja wa shule. La kwanza, jezi: waliolipa wanajijua. La pili ndilo kubwa. Rama HACHEZI, moyo wake hauruhusu. Nasema mapema asije mtu akamwingiza kipindi cha pili kama ilivyokuwa Pangani.

19:04 Dulla: Sasa winga ya kushoto nani?

19:05 Ba'mdogo Mbwana: Mimi hapa. Kitambi kinatangulia mpira unafuata 😂

19:05 Dulla: 😂😂😂 Wagosi wa Kaya

19:07 Shangazi Zuhura: Mbwana, naongea mambo ya uhai. Mwanaasha uko zamu? Waeleze.

19:31 Rama: Shangazi mimi niko sawa. Dawa nameza. Dakika 20 tu naomba

19:32 Shangazi Zuhura: Hata 2 hupati.

19:33 Dulla: Mbona Eriksen wa Denmark moyo ulisimama akaanguka uwanjani kwenye Euro na akarudi kucheza?

19:58 Mwanaasha Nesi: Samahani nilikuwa na wagonjwa. Dulla, Eriksen alianguka tarehe 12 Juni 2021, madaktari walikuwa pembeni ya uwanja na mashine ya kushtua moyo. Baadaye akapandikizwa kifaa kidogo cha kushtua moyo kifuani. Hata hivyo sheria za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, akaachana na klabu yake ya Inter, ndipo 2022 akaenda Brentford ya England. Uwanja wetu una mashine gani? Una magoli na mbuzi wa watu. Na Foé wa Cameroon, 2003, alianguka Lyon mechi inaendelea, hakuamka. Huyo alikuwa na tatizo jingine la moyo, lakini alikuwa kijana mwenye nguvu zake.

19:59 Ba'mdogo Mbwana: Mbuzi wa Mzee Kombo ndiye refa mwenyewe

20:00 Dulla: 😂😂

20:03 Mwanaasha Nesi: Nimalizie jamani. Misuli ya moyo wa Rama haina kasoro, shida ni umeme wake. Baada ya kila pigo unachelewa kujipanga upya. Akikimbia ghafla mapigo yanaweza kwenda mrama, damu isifike kichwani, aanguke. Mtu kuzimia akiwa amesimama juani ni kitu kimoja. Kuzimia huku anakimbia ni kitu kingine kabisa, na Rama alizimia anakimbia.

20:04 Rama: Kwa hiyo nikae tu kama mzee

20:06 Mwanaasha Nesi: Hapana mdogo wangu. Daktari amekuruhusu kutembea, tembea kila siku. Anza polepole, maliza polepole. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Usitegemee ile saa yako ya mkononi, dawa inazuia mapigo yasipande, kwa hiyo itakwambia uko vizuri wakati mwili umeshachoka. Kizunguzungu, kifua kubana au moyo kupiga ovyo: simama hapo hapo, useme. Siku unayoharisha au kutapika, hakuna zoezi. Vinywaji vya kuongeza nguvu usiguse. Na ukienda duka la dawa taja ugonjwa wako KABLA hujapewa kitu, kuna antibiotiki na dawa za malaria zinazouchochea.

20:07 Ba'mdogo Mbwana: Ujumbe huu umefutwa

20:09 Shangazi Zuhura: Nimeusoma kabla hujafuta Mbwana. Tutaongea.

20:10 Shangazi Zuhura: Baada ya mechi vijana wanakwenda kuogelea Raskazone. Rama anaruhusiwa?

20:11 Mwanaasha Nesi: Haingii majini mpaka daktari wake aseme. Kwa aina hii ya ugonjwa kuogelea ni hatari kuliko hata mpira.

20:15 Mama Hadija: Na wale wa Kange mmewaalika mwaka huu au ndio yale yale?

20:16 Shangazi Zuhura: Dada, hilo tusilianze leo.

20:17 Mama Hadija: Halijaisha ndio maana linaanza.

20:52 Babu: NIMESOMA YOTE. MDOGO WANGU ATHUMANI ALIFIA HAPO HAPO RASKAZONE MAJI YA KIFUANI MCHANA KWEUPE. NA NDIYE ALIYETUFUNDISHA SISI WOTE KUOGELEA. HAKUPIGA KELELE. TUKASEMA KAROGWA TUKAWANYOSHEA KIDOLE WATU WA KANGE MPAKA LEO HAWAKANYAGI KWETU. RAMA MJUKUU WANGU HUCHEZI. ZUHURA WAALIKE WATU WA KANGE.

21:20 Mwanaasha Nesi: Babu shikamoo. Asante kwa kutwambia. Siwezi kusema ndicho kilichomuua Babu Athumani, lakini daktari wa Rama lazima alisikie hili. Ugonjwa huu hurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo si wadogo zake Rama peke yao wa kupimwa. Ni baba yake, wewe shangazi, Ba'mdogo, na Babu mwenyewe. Ni ECG tu, kipimo cha umeme wa moyo, unalala, wanakubandika vinyaya, hakuna sindano. Ila mwambieni daktari habari za ukoo, kwa sababu kipimo cha kwanza huweza kutoka kizuri na tatizo lipo.

21:22 Ba'mdogo Mbwana: Nitapima.

21:24 Shangazi Zuhura: Jumatatu nani anafuatana na watoto kupimwa? Na Jumamosi Mwanaasha utufundishe kubonyeza kifua kabla mpira haujaanza. Wote, sio vijana tu.

21:26 Mwanaasha Nesi: Nitakuja na mdoli wa kufanyia mazoezi nikiupata. Mtu akianguka bila kuguswa, hajibu na hapumui sawasawa, usimmwagie maji. Mmoja apige simu, mwingine abonyeze katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiachwe kirudi juu. Pokezaneni kila dakika 2.

21:40 Dulla: Mimi naweza kujifunza hiyo

21:41 Rama: Na kuwa refa?

21:42 Mwanaasha Nesi: Refa naye anakimbia kama winga. Kaa meza ya kocha, upange timu.

21:44 Rama: Sawa. Ila Dulla simpangi kushoto

22:05 Shangazi Zuhura: Jumatatu nimeuliza, nani anakwenda na watoto? Mama Rama, tiki za bluu naziona.

23:17 Mama Rama: Nimesoma wifi. Baba yao akirudi safari nitaongea naye.

23:18 Shangazi Zuhura: Anarudi lini?