Mchungaji wetu ametangaza kuwa ana mke, kikao cha wazee ni Jumamosi. Nishaurini

katibu_wa_ibada
Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Niko Marekani, jimbo la Iowa, katibu wa ibada ya Kiswahili: Wakongomani wengi, Warundi, na Wakenya wachache tuliojichomeka. Tunasali saa nane mchana kwenye jengo la United Methodist. Mchungaji wa hapo ni mama wa Kimarekani, hamsini na ushei. Mume wangu alipolazwa, ni yeye aliyekesha nami kwenye kiti cha plastiki. Kiswahili chake ni "Bwana asifiwe" na "pole" basi, akawa anayarudia hayo mawili mpaka alfajiri. Nusu ya fomu za uhamiaji za washarika wetu zimejazwa mezani kwake. Na yule "dada aliyepanga kwake" tumempelekea mandazi Krismasi nne.

Wiki mbili zilizopita akaniita ofisini, akafunga mlango. Yule si mpangaji, ni mke wake, walifunga ndoa hapa hapa Iowa mwaka 2010. Alinyamaza kwa sababu angevuliwa uchungaji. Sheria hiyo ya dhehebu iliondolewa 2024, lakini hofu haikuondoka siku hiyo hiyo. Jumapili akatangaza kwenye ibada ya Kiingereza, na kufikia jioni kundi letu la WhatsApp lilikuwa linawaka.

Mzee mmoja anataka tuhame. Mwingine anataka tujitoe na jengo (jengo la nani?). Mwenyekiti ameniagiza niandike barua kwa askofu, mchungaji aondolewe. Nimelelewa kujua hii ni dhambi na sijaja hapa kusema si dhambi. Ila kila nikishika kalamu, mkono unagoma.

msharika_kkkt
Dada, hameni kwa amani. Sisi KKKT (Walutheri wa Tanzania) maaskofu walitoa tamko la Dodoma 2010, ndoa ni mume na mke, mjadala ukafungwa. Wema wake hauna ubishi, lakini hata Kornelio wa Matendo 10 alikuwa mtu wa sadaka na sala, na bado Petro alitumwa kwake.

ziro_baridi
Mnasubiri nini? Tokeni kabla mwezi haujaisha.

katibu_wa_ibada
@ziro_baridi twende wapi na watoto sitini? Utatulipia ukumbi?

mtoto_wa_mchungaji
Nimekulia kwa Wamethodisti wa Marekani, niwape picha.

Jengo lisahauni. Mali zote hushikwa kwa amana ya dhehebu. Lilifunguliwa dirisha la kuondoka na mali, likafungwa mwisho wa 2023, na makanisa zaidi ya 7,600 yalipitia hapo. Nyinyi ni wageni kwenye jengo, hata dirisha hilo halikuwa lenu.

Barua nayo mtaiegemeza wapi? Tangu 1972 kitabu chao cha kanuni kilisema mapenzi ya jinsia moja hayapatani na mafundisho ya Kikristo, na 1984 wakawafungia wahusika mlango wa kuwekewa mikono ya uchungaji. Beth Stroud wa Pennsylvania aliwaambia washarika wake ukweli, akavuliwa uchungaji Desemba 2004. Frank Schaefer alivuliwa 2013 kwa kumfungisha mwanawe wa kumzaa ndoa na mwanamume mwenzake, akarudishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2016 watumishi 111 wakajitangaza kwa mkupuo. Kwenye Mkutano Mkuu wa dhehebu kule St. Louis 2019, upande uliotaka marufuku ikazwe ukashinda kwa 438 dhidi ya 384, na kura za Afrika zilichangia sana. Makanisa mengi ya msimamo huo yakaondoka, ndiyo maana kwenye Mkutano Mkuu wa Charlotte, 1 Mei 2024, marufuku ilifutwa kwa 692 dhidi ya 51. Stroud naye akarudishiwa uchungaji mwezi huo huo, miaka ishirini baadaye.

Waambie wazee na hili: mchungaji asiyetaka kufungisha ndoa hizo halazimishwi. Na maelezo mapya ya ndoa yametaja mwanamume na mwanamke, AU watu wazima wawili. Kila upande uliachiwa pa kukaa.

mkatanga_wa_kweli
Miye Methodiste wa Lubumbashi. Huku kwetu ndoa haijaguswa, ule mpango wa kanda unaruhusu kila kanda ya dhehebu ijipangie baadhi ya kanuni zake. Ila mama, nakuomba sana: kikao kisirekodiwe. Sauti ikifika Katanga usiku, asubuhi watu watasema wewe ndiye umeoa mwanamke.

asiye_na_jina
Nimesoma uzi huu mara tatu. Mimi ni mwinjilisti, Afrika Mashariki, sitasema ushirika gani. Siri ya mchungaji wako ni yangu pia, tofauti ni kwamba kwetu hakuna Charlotte. Sina ushauri wa kikao. Nataka kujua kitu kimoja: alipokwambia, ulimjibu nini?

katibu_wa_ibada
@asiye_na_jina nilikosa neno, nikamwambia "pole". Akacheka kwa sababu amelielewa, kisha akalia.

Mrejesho: barua sijaandika. Nimempigia mwenyekiti, nikamwambia mtu hashtakiwi akiwa hayupo, naye kwa shingo upande amekubali mchungaji aitwe kwanza. Simu zitakusanywa mlangoni, asante Mkatanga. Msharika, la Kornelio nimelichukua, ila nimesoma sura nzima jana na sidhani inaishia unapotaka.

Sasa kuna balaa jipya. Wazee hawajui Kiingereza, yeye hajui Kiswahili, na mkalimani ni mimi.