Bafundi ba solere wa hapa Goma, kazi munajua, lakini midomo yenu!

Leo niko na hasira na sitaficha, mwenye itamuuma imuume. Mama mudogo wangu anakaa Ndosho, mujane, anashajiaka batu telefone kwa 500 franka, njo hizo zinalipa masomo ya batoto. Panoo moja ya jua, batri moja, regileta moja (kale kachombo kanakaa kati ya panoo na batri), byote juu ya kibao kando ya mulango. Juzi regileta ya zamani ikakufa, akanunua ingine Birere, hakujua waya gani inaanza. Akatuma vokali mu gurupe ya bafundi, kwa heshima yote: "Bakaka, mubarikiwe, ninafunga batri kwanza ao panoo kwanza?"

Jibu ya kwanza, vikatuni vya kucheka. Ya pili: "Mama rudi uuze sombe, umeme si ya batu benye hawakusoma." Ya tatu Kifaransa kirefu, ata haikuwa jibu, ilikuwa tu kuonyesha kama anakijua. Mama akafuta vokali yake. Aliponipigia sauti ilikuwa chini sawa mutu wameshika anaiba, na ni yeye alikuwa anauliza!

Basi akafunga panoo kwanza. Saa sita, jua ya Goma munaijua. Sasa regileta inapashwa kwanza isikie batri, ijue kama ni ya volti 12 ao 24, bila batri inabakia na panoo peke yake, na panoo ya 12 kama haibebi kitu inapandaka mpaka volti 21 na zaidi. Moshi kidogo, arufu ya plastiki, kwisha. Batri kwanza, panoo nyuma, wakati wa kufungua unatoa panoo kwanza. Ona, nimeandika mustari moja na sikutukana mama ya mutu.

Mutaniambia kuna mufundi alitoa jibu ya kweli. Ndiyo, ilikuwa ya kweli, iliingia saa kumi, kati ya "mujinga" mbili, mama alikuwa ameshatoka mu gurupe zamani!!

Na si kwamba hatujui kusema muzuri. Tarehe 22/5/2021 volkano ya Nyiragongo ilipotoka, usiku ule batu waliuliza mambo ya ajabu kuliko hiyo, moja aliuliza kama maji ya ziwa inaweza kuzima lava, hakuna aliyemucheka, walimujibu tu "hapana kaka, beba batoto, njia ya Rutshuru imekatika, pitia Sake." Na wote tulikuwa tunatetemeka. Leo hakuna volkano, mutu amekaa kwenye kiti na kahawa yake, njo anakosa neno muzuri kwa mama mwenye ameuliza juu ya waya mbili?

Kama kuna mwenye iko na regileta ya ampere 20, ata ya kutumika, aniambie bei. Ule wa sombe asiniandikie.