Mrejesho: Nilihamia makao ya wazee Nakuru, usingizi ukanipotea

Wapendwa, ni yule mama mstaafu aliyeuliza kama arudi kwake Njoro, maana makao ya wazee hapa Nakuru yalimfanya ajihisi mgeni: kengele ya chakula, majirani asiowajua, na usiku macho makavu.

Sijarudi. Aliyenishauri niombe kazi badala ya kukaa nikihudumiwa, Mungu akubariki. Msimamizi alinipa kipande cha shamba nyuma ya jikoni, nikapanda managu na sukuma wiki. Sasa mpishi hunitafuta kabla ya kwenda sokoni. Kuna mzee mmoja, dereva wa lori wa zamani, ambaye kila asubuhi huja kukosoa ninavyoshika jembe. Kulima hajui, lakini tunabishana mpaka chai ya saa nne, na wengine huvuta viti kusikiliza. Marafiki nimewapatia hapo, si kwenye kile kikao cha kutukaribisha.

Usingizi umerudi, ingawa baridi ya Julai haina huruma. Blanketi langu la nyumbani limenifaa zaidi. Chakula cha jioni bado ni saa kumi na mbili, na bado nalalamika.

Ushauri wa kuwazuia watoto wasije mpaka nizoee sikuufuata. Wajukuu huja Jumapili baada ya ibada.

Aliyeuliza gharama: zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hazitoshi, watoto huchanga. Nyumba ya Njoro sijaiuza. Nimempangisha mwalimu, kodi yake inaongezea ada ya hapa.