Mwezi wa kumi na ndugu zetu wenye magonjwa ya akili: wa Tabora na Kigoma tupeane uzoefu wa hili joto

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Saa nane usiku hii niko uani kwenye kiti cha plastiki, ndani hakukaliki, bati limepigwa jua toka asubuhi na mpaka sasa ukiligusa kwa ndani bado lina vuguvugu, umeme nao umekata toka saa mbili. Dogo kalala kwenye mkeka hapa pembeni yangu. Namwangalia kama kalala kweli au kafumba macho tu.

Dogo ana miaka 31, ana baipola, yaani kuna kipindi anapanda na kuna kipindi anashuka. Akipanda halali, anaongea mpaka sauti inakauka, anagawa vitu, mwaka juzi aligawa baiskeli ya mzee kwa jamaa aliyekuwa anapita zake tu halafu yeye ndo akamshukuru jamaa kwa kuipokea. Tumeshamlaza hospitali mara tano. Na miaka yote nyumbani wanasema ni mwezi, mwezi ukikomaa kinampanda. Mama mkubwa ana kalenda ya msikitini, mwezi ukikaribia kumi na nne anakusanya visu na panga anafungia kwenye sanduku.

Sasa juzi nilikuwa natafuta kadi ya bima ndani ya daftari lake la kliniki, lile daftari la kaunta limefungwa na kipande cha mpira wa baiskeli, nikasema ngoja niandike tarehe zake zote za kulazwa. 9 Oktoba. 22 Oktoba. 30 Septemba. 4 Novemba. Na moja tu ya mwezi wa tatu, hiyo najua sababu, alipata kibarua akaacha dawa mwenyewe akisema amepona. Nikaingia kwenye simu kuangalia mwezi ulikuwaje siku hizo. Mara mbili ulikuwa giza totoro. Miaka yote tunaficha visu tarehe ambazo siyo!

Mnaokaa huku mnaijua hiyo miezi, mvua bado, miyombo imetoa majani mekundu, moshi wa mashamba kila kona, mchana nyuzi 32 mpaka 33 na usiku kwenye nyumba isiyo na silingi bodi ni oveni. Nikaanza kujiuliza kama siyo hili joto. Wenye wagonjwa nyumbani, au mnaoumwa wenyewe, semeni mmeona nini. Wa Kigoma pia karibuni.

Kapelo Nyeusi

Mkuu pole. Mimi siumwi ila nakubaliana na wewe kwa ushahidi wa kijiweni. Sisi bodaboda ugomvi wetu wote mkubwa ni saa nane mchana mwezi wa kumi. Mwaka jana nilimkunja mwenzangu shati kisa mia tano, mia tano wakuu, ya chenji ya abiria, na huyo mtu ndo alikuwa msimamizi kwenye ndoa yangu. Jioni kaupepo kalipoanza tukaangaliana tukaona aibu. Sasa kama mimi mwenye akili timamu nafika huko...

Nesi wa Zamu

Mleta mada hongera kwa kuandika tarehe, ndugu wengi hawafanyi hivyo, wanakuja wanasema "kaanza juzi" na juzi yenyewe ni wiki tatu.

Nafanya kazi wodini miaka mingi kidogo, sitasema wapi. Ulichokiona wenzetu wameshakipima. Adelaide kule Australia waliangalia waliolazwa kwa matatizo ya akili kuanzia 1993 mpaka 2006, siku za mawimbi ya joto waliolazwa waliongezeka kwa asilimia 7.3. Marekani nako walichukua waliokwenda idara za dharura 2010 hadi 2019 kwa matatizo ya akili, siku za joto kali kabisa walizidi kwa asilimia kama 8. Hiyo siyo idadi ya kumshtua mtu mmoja mmoja, lakini ukiwa wodini yenye vitanda vichache unaiona.

Kwa baipola kitu cha kwanza ni usingizi. Mwili ili ulale lazima upoe kidogo, sasa chumba kikiwa cha moto usingizi unakatika katika, na mtu wa baipola akikosa usingizi siku mbili tatu ndo mlango wa kupanda unafunguka hapo. Kwa hiyo dogo hapandi kwa sababu jua limempiga kichwani, anapanda kwa sababu hajalala.

Kitu cha pili dawa zenyewe. Haloperidoli, kloropromazini ambayo wengi mnaiita Largactil, ile Artane wanayopewa kuzuia kukakamaa, hata amitriptilini, zote hizi zinaweza kuuvuruga mwili kwenye kujipoza, nyingine zinapunguza jasho kabisa. Mtu yuko kwenye nyuzi 33 ngozi kavu, hasikii hata kiu vizuri, nyie mnasema huyu hana shida na joto. Largactil tena inafanya ngozi iungue na jua haraka. Na wale wachache wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, ndo kabisa, wakipungukiwa maji dawa inajaa kwenye damu inakuwa sumu: mikono inatetemeka kwa nguvu, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi. Huyo usimpe dozi inayofuata ukisubiri kesho, mkimbize hospitali.

NARUDIA jamani, sijasema muache dawa. Anayeacha dawa kwa kuogopa joto ndo tunampokea kafungwa kamba kwenye bajaji.

Mtoto wa Isevya

Dada Nesi shikamoo kabisa. Hiyo ya jasho umenishtua, dogo kweli hatoki jasho, mimi nalowa yeye mkavu, tulikuwa tunamtania kwamba ana mwili wa mjusi.

Bint wa Ujiji

Mimi wangu hakuwa mgonjwa wa akili, ni bibi yetu mzaa mama, ana miaka themanini na kitu. Kigoma joto letu lina unyevu wa ziwa, ukiwa karibu na maji kuna upepo lakini nyumba ya bibi iko katikati ya nyumba nyingine hakuna pa kupenya hata inzi. Siku hiyo nimetoka sokoni na dagaa zangu nimkute bibi kakaa kitandani anaongea na marehemu babu, tena anamgombeza kuhusu mtumbwi. Mimi ananiita jina la mama yake. Jioni alikuwa anavuta vuta shuka anatoa vitu visivyoonekana. Wajomba wakaja, kikao kikakaa, huyu katupiwa kitu, mmoja akataja na jina la jirani, nikasema hapana kwanza hospitali halafu hayo mengine mtaendelea nayo.

Hospitali waliangalia ulimi, wakamvuta ngozi ya mkono ikabaki imesimama, wakapima malaria hana, wakauliza huyu mama anakunywa maji kiasi gani? Hakuna aliyejua. Kumbe bibi alikuwa hanywi maji kwa makusudi, choo kiko nje na usiku anaogopa kuanguka, basi toka saa tisa alasiri anafunga mdomo. Kwenye joto lile! Wakamtundikia dripu, na mkojo ulikuwa na maambukizi wakatibu, siku ya tatu asubuhi akanitazama akasema "wewe mbona umekonda, huli?" Nililia pale pale.

Sasa hivi ana ndoo yake ya chumbani na jagi la maji, jagi lazima liishe. Yule jirani bado hatusalimiani vizuri, hiyo ndo hasara iliyobaki.

Dar Siyo Mbali

Mnatuchekesha, Tabora kuna joto gani? Njooni Dar mwezi wa pili muone. Kama joto linaleta wazimu Dar tungekuwa wote wodini. Na huyo Nesi takwimu zake za wazungu, wazungu nyuzi 26 wanazimia.

Nesi wa Zamu

Mkuu umegusa kitu bila kujua. Adelaide waliona mambo yanaanza kubadilika joto likipita nyuzi 26.7, ambapo hapa Tabora tunasema leo kumepoa. Ndo maana hailinganishwi Tabora na Dar, inalinganishwa Tabora ya mwezi wa saba, ile ya kulala na blanketi, na Tabora ya mwezi wa kumi. Mwili unazoea kwake, shida ni joto linapovuka kile ulichozoea, hasa likifululiza usiku na mchana. Na wazungu usiwacheke, Kanada mwaka 2021 jimbo la British Columbia joto liliua watu 619, walipochambua wakakuta wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na idadi yao kwa jumla.

Mzee wa Vitalu

Nisionekane mbishi ila mimi ni mkulima wa tumbaku huku Kaliua, na nina mwanangu anayechomwa sindano ya dawa ya akili kila mwezi. Mwezi wa kumi kwetu siyo joto tu. Hela ya tumbaku ishaisha, vitalu vinataka maji asubuhi na jioni na kisima kimeshuka, madeni ya pembejeo, nyumbani watu hatuongei vizuri. Mwanangu akivurugika sijui nimlaumu nani, jua au mimi baba yake ninayepiga kelele kutwa. Halafu miezi hiyo ndo naruka kumpeleka sindano kwa sababu nauli hakuna. Mleta uzi hebu angalia daftari lako vizuri, je dawa alikuwa anachukua kila mwezi?

Mtoto wa Isevya

Mzee wangu umenipiga penyewe. Nimerudi kwenye daftari na tochi ya simu. Mara mbili katika zile nne kuna mwezi umerukwa kabla. Mbili zilizobaki dawa alikuwa anapata kamili. Kwa hiyo siwezi kusema ni joto peke yake, lakini siwezi kulitoa pia.

Nilipita Urusi

Mimi kwangu ilikuwa kinyume, nilisoma Urusi, mwaka wa kwanza mwezi wa kumi na mbili nikaanza kulala masaa kumi na nne, chakula sitaki, simu ya mama sipokei. Nikajua ni baridi, nikanunua makoti. Daktari akaniambia siyo baridi, ni mwanga, siku zenyewe saa kumi jioni giza. Nikawekewa taa maalumu ya kukaa mbele yake asubuhi. Mtoto wa Nzega namulikwa na taa kama kifaranga, ila ilisaidia.

Kapelo Nyeusi

Kama kifaranga 😂😂 aisee

Mtoto wa Isevya

Mrejesho wakuu, imepita wiki moja na nusu. Nilichofanya: kitanda cha dogo nimekihamishia chumba cha upande wa mwembe, bati la chumba kile halipigwi jua kuanzia saa nane. Neti ipo, dirisha linabaki wazi, nimepiga wavu wa kuku na nondo mbili kwa sababu ya wezi. Kanga mbili zinalowekwa jioni zinatundikwa dirishani. Maji nampimia kwa chupa ya lita moja na nusu, mbili kwa siku, anagoma lakini nikimwekea ndimu anakunywa. Kliniki nimeenda na daftari, daktari kaangalia tarehe zile kimya kimya, kasema kuanzia mwezi wa nane mwakani tuwe tunakwenda kila wiki mbili, na siku ya pili tu ya kutolala tusisubiri ya tatu.

Juzi alilala masaa matatu, jana masaa mawili na akaanza kuongelea kufungua kampuni ya mabasi. Nikampeleka asubuhi ile ile, wakarekebisha dozi, tukarudi nyumbani, hajalazwa.

Leo saa kumi jioni mvua ya kwanza imepiga, ya upepo mwingi, imedondosha maembe mabichi uani yamejaa. Dogo kalala toka saa moja. Mama mkubwa kaniuliza leo mwezi uko wapi, nimemwambia mama, visu tunavihitaji, tukate maembe ya kachumbari.

Bint wa Ujiji

Sanduku kafungua?

Mtoto wa Isevya

Katoa kimoja.